Dada yangu alimwandika mama kama mlezi kwenye benefits za kazi, airport tukakiona cha moto

Wakuu, nawasalimu wote mlipo. Wa Nairobi, wa Dar, wa Bukavu, na nyinyi wa hapa DMV, Washington na pembeni zake, mnaosoma huu uzi mkiwa kwa shift mkijifanya mnaandika ripoti ya mgonjwa.

Haya ninayoandika yametupata sisi wenyewe. Chumvi sijaongeza. Dada yangu yuko humu ndani, nikidanganya atanianika kwa comments.

Kama unapanga kumleta mzazi wako huku aje akusaidie na mtoto, acha unachofanya usome mpaka mwisho.

Kwanza mnijue. Mimi ni kijana wa Kitale, Wafula. Naishi Lanham na dada yangu Nekesa na mtoto wake Simiyu, ambaye ndio ameanza kukaa chini bila kushikwa. Natengeneza simu na laptop kwa duka moja pale Shaw. College sijaenda. Kila kitu nilijifunza mwenyewe kwa kufungua simu za watu na kuomba Mungu zirudi uhai.

Mdomo wangu mnaujua. Wale nimeshagombana nao humu, leo si siku hiyo, leo niko mpole.

Baba ya mtoto tusimguse. Nikianza hapo nitapigwa ban.

Nekesa ndiye alinipokea Amerika. Nilipofika alinipa kitanda chake, yeye akalala kwa carpet mpaka nikapata kazi, na hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Kwa hivyo ukimgusa Nekesa umenigusa mimi, na mimi breki sina.

Sasa sikieni.

Nekesa anafanya billing kwa ofisi moja Springfield. Maternity leave ikawa inaisha. Alipiga simu daycare zote, zile za maana zinakwambia jina lako tunaliweka kwa waiting list, mtoto ataingia akiwa na meno yote. Kila jioni namkuta amembeba Simiyu anaangalia ukuta tu.

Tukaamua Mathe, mama yetu, aje. Visa ya kutembea alikuwa nayo tayari, ile ya miaka mingi, alipewa tukashangaa sisi wote.

Wiki hiyo hiyo HR wa kazini kwao wakaita wazazi wapya kikao cha lunch. Wakawafunza kitu kinaitwa Dependent Care FSA.

Kwa wasioijua: unaiambia kampuni ikate kipande cha mshahara wako kabla kodi haijakigusa, kinakaa pembeni. Ukishamlipa mtu anayekulelea mtoto, unaonyesha, unarudishiwa kutoka hapo. Kodi inakuwa nafuu. Kitu poa sana, siwadanganyi, na watu wetu wengi wanaiachilia kwa sababu ile email ya benefits wanaidelete bila kufungua.

Nekesa akauliza, je, mtoto akilelewa na nyanya yake? Yule mama wa HR akasema hata nyanya anaweza kuwa huyo mtu.

Na hakudanganya! Nimesoma mwenyewe baadaye, nyanya anaweza. Ila nyanya aliyekuwa kwa kichwa cha huyo mama ni nyanya wa hapa, mwenye karatasi za kufanya kazi na namba ya kodi. Nyanya wetu alikuwa Kitale anakamua ng'ombe na visa ya kutembea.

Nekesa akaingia kwa system akajisajili. Mahali pa mlezi akaandika jina la Mathe, majina yake yote matatu. Relationship: grandmother. Mahali mtoto atalelewa: nyumba yetu ya Lanham. Pale pa namba ya kodi akaacha wazi, akasema atauliza.

Halafu akapiga screenshot akaitupa kwa group ya family.

"Mum, sasa hata kazini kwetu wanakujua!"

Wakuu, group ililipuka. Shangazi zangu haleluya kumi kumi. Mjomba mmoja akaandika eti dada yetu ameajiriwa Amerika akiwa Kitale. Mimi mwenyewe nikaweka zile emoji za kucheka na moto.

Hakuna hata mmoja wetu aliona shida. Na ndio maana naandika. Kwetu kubeba mjukuu si kazi. Hauwezi hata kuuliza nani atambeba, ni kama kuuliza nani atapumua. Kuona jina la Mathe kwa karatasi ya kampuni ya Amerika tuliona ni heshima tu amepewa.

Siku ya kumpokea, jirani yetu Papa Espoir alitupeleka airport ya Dulles na van yake. Huyu ni mzee wa Bukavu, kazi yake ni kubeba wagonjwa wa dialysis, mtu mtulivu sana, anaendesha kama amebeba mayai. Mimi mbele, Nekesa nyuma na Simiyu.

Tukiwa kwa Beltway, ile barabara kubwa ya kuzunguka mji, akaniuliza, "Petit, maman anakuya kufanya nini huku?"

Nikamwambia, "Kulea mtoto, Papa."

Akapunguza mwendo. Mpaka nikamwangalia.

"Ile neno," akasema, "asiiseme kule ndani, kwa watu ya immigration. Hapana kabisa. Anakuya kuona mjukuu, kutembeya, kurudi kwake. Kulea, wale watu wanasema ni kazi. Na visa ya kutembeya, kazi iko défendu, inakatazwa."

Damu ikanipanda. Nikamwambia Papa, kazi gani sasa? Kumshika mtoto wa binti yake ni kazi? Nani aliandika huo ujinga? Nilifoka kama yeye ndiye serikali.

Papa Espoir akaniacha nimalize. Halafu akauliza kwa upole, "Na karatasi amebeba gani?"

Hapo nieleze kitu. Nyinyi mnajua mambo ya bahasha. Mzazi wa kwetu hawezi kusafiri na passport peke yake, anaona kama yuko uchi. Lazima ile bahasha kubwa ya khaki: barua ya mwaliko, title deed, payslip ya mtoto, barua ya pastor, picha za ng'ombe waonyeshe atarudi. Kadiri bahasha inavyonenepa ndivyo roho inatulia.

Na jioni ya kuamkia safari akina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Kuna picha ilitumwa kwa group. Karatasi zote zimetandazwa kwa meza ya sebuleni, juu ya vile vitambaa vya crochet, mikono ya akina mama juu yake, Mathe amefumba macho.

Niliifungua hiyo picha kwa simu nikazoom. Title deed. Payslip. Ng'ombe wetu, yule mwenye pembe moja.

Katikati, kwa color kabisa, screenshot ya Nekesa. Mathe alienda kuiprint cyber. Naisoma kutoka Beltway: PROVIDER, yaani mlezi wa kulipwa, halafu jina la mama yangu.

  

Nikampa Nekesa simu nyuma.  Nilimsikia tu anapumua. Halafu akaanza, "Wafula, mpigie. Wafula, mpigie. Mpigie."

Ninampigia nani? Mathe yuko hewani. Simu yake imezimwa. Ile WhatsApp inabaki na tick moja. Niliandika "MUM CHANA ILE KARATASI YA NEKESA," nikaona aibu nikafuta, nikaandika tena. Tick moja. Watu wanaongea juu ya technology, mimi hapo ni fundi wa simu na simu haikunisaidia na chochote.

Tukafika. Ndege imetua, board inasema imetua.

Mnajua pale arrivals Dulles, ile milango ya kujifungua. Kila ikifunguka moyo unaruka. Wakatoka Wahabeshi na mizigo yao, wakatoka wazungu wa safari na kofia, akatoka mama mmoja mrefu na leso ya kichwa kama ya Mathe, Nekesa akapiga hatua mbili, kumbe siye.

Watu wakapungua. Wale walikuwa wamesimama na sisi na maua wakakumbatiana wakaenda zao.

Milango ikaacha kufunguka.

Niwaambie ukweli, mimi karatasi zangu ziko sawa. Lakini mwili haujui hiyo. Kila mtu mwenye uniform akipita nilikuwa naangalia viatu vyangu. Na mimi ndiye yule wa kubishana na kila mtu humu! 

Halafu ile hofu ikageuka hasira, ndivyo nilivyo. Nikamwona jamaa mmoja mwenye badge anapita nikaanza kumwendea. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Papa Espoir alinikamata shati mgongoni, hivi, kama unakamata mbuzi.

"Petit. Unataka maman arudi na ile ndege? Funga kinywa."

"Papa, niachilie, ni mama yangu huyo!"

"Najua ni maman yako. Ndio maana minakukamata."

Nikakaa chini. 

Hapo ndipo simu ya Nekesa ikalia. Namba haina jina.

Akaipokea akiwa amembeba Simiyu, akaweka speaker kidogo karibu na sikio, sisi wawili tukainamisha vichwa. Sauti ya mwanaume, ofisa wa immigration wa huko ndani, polepole, bila ukali. Kizungu cha adabu kabisa. Wakuu, hiyo adabu ndiyo iliniogopesha kuliko makelele.

Akamuuliza Nekesa yeye ni nani kwa huyu mama. Akauliza anaishi wapi, anafanya kazi gani. Halafu akasema ana karatasi hapa mbele yake yenye jina la mama yako, inasema yeye ni mlezi wa mtoto wako na utakuwa unamlipa. Nieleze.

Nekesa alifumba macho. Nilijua dada yangu anaweza kulia hapo hapo na ikiisha hivyo tumekwisha.

Hakulia. Alisema vile ilivyo. Kwamba ni kweli aliandika. Kwamba kazini waliambiwa nyanya anaruhusiwa, na yeye hakujua visa inaangaliwa. Kwamba hajamlipa mama yake kitu na hatamlipa, na kesho asubuhi atafuta hilo jina. 

 Tunasikia yule mtu anaandika kwa keyboard.

Halafu akauliza lile swali.

Ukirudi kazini, mtoto wako atakaa na nani?

Wakuu.  Jibu letu lilikuwa limekaa huko ndani mbele yake na bahasha ya khaki.

Nekesa aliniangalia. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo niseme chochote, niseme mimi, niseme naacha kazi, hata sijui. Papa Espoir akainama kwa sikio la pili la Nekesa akanong'ona, "Sema kwa madamu yangu. Iko na leseni ya kulea watoto ku nyumba. Nafasi iko. Minakupa leo."

Mjue tumekaa jirani na huyu mzee, tunajua mkewe ana watoto kwa nyumba, kila asubuhi tunawasikia wakiimba. Hatukuwahi kuuliza kama ana leseni. Tulidhani ni mambo tu ya kusaidiana, na kwa nini tulipe jirani wakati Mathe anakuja? Hivyo ndivyo tulifikiri.

Nekesa akasema mtoto ataenda kwa daycare yenye leseni ya jirani yetu, hapo Lanham. Akataja jina la Maman Espoir. Yule mtu akauliza lini. Nekesa akasema, "Siku ile narudi kazini." Na wakati anasema hivyo macho yake yako kwa Papa Espoir, na Papa Espoir anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Akasema asante. Akakata.

Asante ya nini? Anamwachilia au anamrudisha? Hakusema!

Hapo ndipo nilijua hofu ni nini. Hata Simiyu alitulia, sijui watoto wanasikia nini. Nekesa alikuwa anamsugua mgongo mpaka nikamwambia siz, taratibu, utamchuna.

Sijui tulikaa muda gani. Janitor mmoja alipita akasafisha pale tulipokuwa tumesimama, tukainua miguu.

Milango ikafunguka. Mathe.

Peke yake. Anasukuma cart yenye gurudumu bovu, leso imelegea, bahasha ameishika kifuani na mikono miwili kama mtu amebeba mtoto. Hakukimbia. Mama yangu ni mtu wa kupiga kigelegele, msichana akioleka kijiji cha pili unamsikia. Alikuja kimya akaweka kichwa kwa bega la Nekesa.

Mathe hakumchukua Simiyu. Aliweka mikono nyuma. Nekesa akamwambia, "Mum, huyu hapa, mshike." Mathe akaangalia nyuma kwa ile milango, akasema, "Twende kwanza."

Kwa van ndio akaanza kuongea. Walimweka kwa chumba chenye viti vya chuma. Walichukua simu wakasoma ile group, haleluya zote; bahati ule ujumbe wangu wa kuchana karatasi ulikuwa bado haujaingia. Walimpigia mtu wa Kiswahili kwa simu atafsiri, Kiswahili kizuri kama cha redio, akamuuliza, mama, utalipwa kiasi gani kwa kumlea huyo mtoto?

"Nikakasirika," Mathe akasema. "Nikamwambia mwulize huyo kijana wa immigration, mama yake alimlipisha ngapi. Mimi nilipwe na tumbo langu mwenyewe? Nitoke Kitale nije nimuuzie Nekesa mtoto wake?"

Nekesa akashika mdomo. Papa Espoir akasema "Eh, maman!" nusura apitilize exit.

Sasa nyinyi mnajua huu mdomo wangu ulitoka wapi.

Sijui kama hiyo hasira ndiyo ilimwokoa, ama ni majibu ya Nekesa, ama ni Mungu tu. Walimpa stempu. Hawakueleza.

Lakini akasema kulikuwa na msichana kiti cha pili, hajui ni wa nchi gani, alikuwa analia bila sauti. Wakamsimamisha wakaenda naye mlango mwingine, si huu wa kutokea. "Na yeye karatasi iliyomponza ilikuwa moja tu," Mathe akasema. Alirudia hiyo mara nyingi. Karatasi moja tu.

Asubuhi yake Nekesa alipiga HR akaeleza. Na niwape haki yao, yule mama wa HR aliomba msamaha mpaka akaharibu sauti. Jina la Mathe likatolewa, likawekwa la Maman Espoir na namba yake ya kodi, kila kitu sawa. Mshahara unakatwa kidogo kabla ya kodi, risiti inaingia, pesa inarudi. Vile ilitakiwa kuwa tangu mwanzo, na mlango ulikuwa ng'ambo ya ukuta wetu.

Nilichojifunza, na mimi si wakili, mwenye kesi aende kwa wakili.

Hizo benefits chukueni. Msiogope hiyo email. Lakini jina unaloandika pale ni la mtu mwenye ruhusa ya kufanya kazi hapa na yuko tayari kuandikwa. Usiandike mzazi wa visa ya kutembea, hata kama HR amesema nyanya. HR anajua mambo ya kampuni, visa ya mama yako haijui.

Na hiyo bahasha, kaeni chini na mzazi muifungue karatasi moja moja kabla hajatoka nyumbani. Muulize hii ni ya nini. Asipojua, itoke. Na mwambie aseme ukweli, ila ajue kwa hawa watu neno moja la mapenzi linaweza kuwa jina la kazi.

Muulizeni jirani pia anafanya nini. Sisi tulikuwa tunasikia nyimbo kila siku.

Ningependa niishie hapo, tuseme mambo yaliisha poa. Hapana.

Mathe yuko hapa. Sanduku lake hajalifungua. Anatoa nguo anavaa, anafua, anarudisha ndani, anafunga zipu. Liko karibu na mlango. Mtu akibisha, hata ni mtu wa delivery, anaingia bafuni na bahasha.

Asubuhi anamwogesha Simiyu, anampaka mafuta, anamvalisha kofia, anamwimbia zile nyimbo alizotuimbia sisi. Sai mtoto amemzoea, anamng'ang'ania shingoni. Wanafika mlangoni. Kwa Maman Espoir ni mlango unaofuata tu, ungerusha jiwe ungevunja dirisha lake.

Mathe hatoki. Anambandua mtoto shingoni ananipa mimi, na mtoto analia, na yeye anarudi hatua moja nyuma ndani ya nyumba.

Nilimuuliza kwa nini asimpeleke yeye. Akaniambia, "Wafula, nikionekana nje nimembeba, watasema nimeingia kazini."

 Mimi, mwenye mdomo huu wote, nikachukua mtoto nikaenda.

Kwa hivyo comments ziko wazi, wakuu, na leo sitabishana na mtu. Wale mmeleta wazazi huku, mliwaambia nini mpaka wakafungua sanduku?